Siku Thelathini na Tatu

Beijing, 9 Machi 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawasalimu wewe, Mama na Nyanya. Mnaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa viganja, ambavyo huchubuka, vikaota sugu, vikachubuka tena.

Habari yenyewe ni hii: nimechukuliwa timu ya taifa ya jimnastiki. Mkoa wetu ulileta wasichana wanne na watatu wamerudishwa. Kocha wangu ni Mama Nie. Ni mfupi kuliko mimi, lakini akikuita jina unasahau ulikuwa unaumwa wapi. Anasema kwenye fito mbili, ile ya juu na ile ya chini, nina mikono ya mkulima, na kwake hiyo ni sifa. Kwenye boriti, ule mti mwembamba wa kutembelea juu yake, bado natetemeka.

Tunapimwa uzito asubuhi na jioni. Mwenzangu wa chumba, Pang Lijuan, alificha pipi kwenye soksi akapanda nazo mizani. Mama Nie akamwambia, "Lijuan, soksi yako imenenepa tangu jana. Ivue, tuipe mazoezi." Tulicheka mpaka tukaongezewa mizunguko.

Msitume figili za chumvi. Zitaishia kwa mlinzi wa getini.

Binti yako,
Suhe


Yanjiawan, 2 Mei 1998

Mwanangu Suhe,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara nne: mara moja kwa ajili yangu na mara tatu kwa ajili ya Nyanya yako, ambaye siku hizi anasikia anachotaka tu. Sote hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo, ni vumbi la kiwanda cha nyuzi, usilitie moyoni.

Mizizi ya yungiyungi, ile ya kula, tumeshaipanda mabwawani. Msimu uliopita nilichimba matopeni mpaka magoti yakawa hayanitambui. Ulipokuwa na miaka mitano nilikupeleka shule ya michezo ya wilaya kwa sababu moja tu, upate kazi ya mahali pakavu. Sikuwaza Beijing hata kidogo.

Nyanya anauliza watakuning'iniza kichwa chini mpaka lini. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akasema, "Basi hata popo angekuwa bingwa."

Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu.

Baba yako


Beijing, 12 Desemba 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi sijambo, kifundo cha mguu kimeteguka kidogo tu.

Juzijuzi, tarehe nane, walinifanyia sherehe ya siku yangu ya kuzaliwa. Keki ilikuwa kubwa kama kiberiti na tuliila watu sita. Mama Nie akanipiga bega: "Kumi na tano! Mwakani kumi na sita, na mwakani ndiyo mashindano ya dunia. Tarehe yako imekaa pazuri, wewe." Sheria ni kwamba msichana lazima atimize miaka kumi na sita ndani ya mwaka wa mashindano. Jina langu limo kwenye orodha ya kwanza. Waambie majirani.

Ila kuna kitu kinanikereketa. Nyumbani siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa sikukuu ya uji wa nafaka nane, na siku hiyo Mama huwa ameshaanza kufagia dari kwa ajili ya mwaka mpya. Hapa tarehe nane imepita na hakuna aliyetaja uji. Mpishi wetu, Mzee Bai, anasema uji huo ni wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya mwezi, bado wiki sita.

Baba, nilizaliwa siku gani?

Binti yako,
Suhe


Yanjiawan, 24 Januari 1999

Mwanangu Suhe,

Hatujambo sote. Pole kwa mguu.

Tarehe yako ni ile iliyo kwenye kitabu cha kaya, na kitabu kina muhuri. Wewe ni mtoto wa mwaka wa Nguruwe, kijiji kizima kinajua. Usijichoshe kichwa kwa mambo ya mpishi.

Leo Mama yako amepika uji, ametia tende, kunde nyekundu na mbegu za yungiyungi zetu wenyewe. Amekuwekea bakuli lako mezani kama kila mwaka. Nyanya amelila mchana. Anasema lilikuwa linapoa bure.

Baba yako


Beijing, 20 Februari 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa Sungura kwenu nyote.

Mmepika uji tarehe ishirini na nne Januari, na bakuli langu likawekwa. Umenijibu bila kupenda.

Mzee Bai ana kitabu cha kalenda cha miaka mia, cha kuwatafutia watu siku njema za kuoa. Nilimwomba anitazamie siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa Nguruwe. Akalamba kidole, akafunua, akasoma: kwa kalenda ya serikali ni tarehe kumi Januari, 1984. Kwa kalenda ya mwezi Nguruwe alikuwa bado hajaondoka, lakini 1983 ya serikali ilishakwisha. Kitabu chetu cha kaya kinasema tarehe nane Desemba, 1983. Mtu alichukua siku ya mwezi akaiandika kama siku ya serikali.

Tofauti ni siku thelathini na tatu. Kwa siku hizo, kumi na sita yangu haiko mwaka huu. Iko mwakani. Mzee Bai alinipa chai akaendelea kukata kabichi.

Baba, ulikuwa unajua?

Suhe


Beijing, 17 Mei 1999

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama mnaumwa, niambieni.

Nimekuwa bingwa wa taifa kwenye fito. Picha yangu imetoka gazetini, na chini yake wameandika "mwenye umri wa miaka 15". Lijuan wa pili. Alinikumbatia akaninong'oneza, "Ningekuchukia, ila unakoroma vizuri." Yeye ndiye wa akiba kwenye orodha ya dunia. Mimi nikiondoka, anaingia yeye.

Kila nikipanda boriti naifikiria ile tarehe. Boriti ina upana wa kiganja kimoja hivi, Baba. Haina nafasi ya kubeba kitu kingine.

Binti yako,
Suhe


Yanjiawan, 6 Juni 1999

Mwanangu Suhe,

Hatuumwi. Nilikuwa naogopa kalamu.

Ulipotimiza mwezi mmoja nilikwenda ofisi ya kata kukuandikisha. Karani, Bwana Luo, alikuwa kijana mgeni kazini, na wino wake umeganda kwa baridi, anaupasha kwa pumzi. Akauliza, "Lini?" Nikamwambia kama tunavyosema hapa sote: mwaka wa Nguruwe, mwezi wa kumi na mbili, tarehe nane. Mimi nasema ya mwezi, yeye anaandika ya serikali. Akagonga muhuri nikaenda zangu sokoni. Hakuna aliyedanganya siku hiyo.

Niligundua ulipokuwa unaanza shule. Kwa siku zile thelathini na tatu walikupokea mwaka mmoja mapema. Nikasema ni bahati, nikanyamaza. Kwa hiyo ndiyo, nilijua. Miaka tisa nimemeza tarehe ya uongo na uji wa kweli, na vyote vimeshuka.

Sasa nisikilize. Wilaya imetundika bango jekundu barabarani lenye jina lako. Mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe, akakanyaga matope yetu kwa viatu vyake vizuri, akaahidi kuweka barabara ya saruji mpaka mabwawani. Watu ambao hawakunisalimia miaka kumi sasa wananiita "Baba Bingwa". Nikitamka neno hili, nitaonekana tapeli mbele ya wote.

Umefanya kazi tangu una miaka mitano. Nakuomba unyamaze. Ni siku thelathini na tatu tu, mwanangu, zinamuumiza nani? Mama yako hakubaliani nami, na tangu jana ananiwekea chakula bila kusema karibu.

Baba yako


Beijing, 1 Julai 1999

Baba,

Shikamoo.

Umeuliza zinamuumiza nani. Analala kitanda cha pili, mita moja kutoka nilipo, na ana pipi kwenye soksi.

Nimemwambia Mama Nie. Alikuwa anafunga bendeji ya mkono wangu, akaacha katikati. "Wewe mtoto," akasema, "hukuweza kungoja nimalize kufunga?" Kisha akakaa kwenye godoro la kuangukia, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akasema karatasi yangu inanipa haki ya kwenda, na neno langu peke yake haliwezi kufuta muhuri. Anayeweza kuurekebisha ni aliyeniandikisha, kwa shahidi na kwa sahihi yake. Orodha inafungwa tarehe mosi Septemba. Karatasi mpya ikija, atanitoa. Isipokuja, nitapanda.

Kwa hiyo liko mikononi mwako. Sitakuandikia tena kukushawishi. Nitafanya mazoezi kila siku kama anayekwenda.

Nina hasira na wewe, Baba, na nimekukumbuka sana, vyote kwa pamoja.

Suhe


Yanjiawan, 22 Agosti 1999

Mwanangu Suhe,

Hatujambo, ila mimi mgongo.

Wiki saba nimelala vibaya. Jumatatu nilimpakia Bibi Gong, mkunga wako, kwenye mkokoteni wa baiskeli. Ana miaka themanini na mmoja, alinitukana njia nzima kwa kila shimo. Tulipita chini ya bango lako.

Kata ina ofisi mpya, na mkuu wake sasa ni nani? Bwana Luo yuleyule, ana kitambi. Nilipomweleza akawa mwekundu, akasema, "Mzee Yan, mbona wewe hukusema ni kalenda ya mwezi?" Nikamjibu, "Na wewe mbona hukuuliza?" Bibi Gong akagonga meza kwa bakora: "Mtoto huyu nilimtoa asubuhi, uji wangu uko motoni, ukaungua kwa ajili yake. Andika!"

Akaandika. Tarehe ya zamani ameikata kwa mstari mwekundu, mpya iko juu yake, na sahihi yangu iko pembeni chini ya maneno "kosa la mwandikishaji", yaani mimi. Nilipotia sahihi niliona haya. Karatasi imeondoka kwa posta ya haraka siku hiyohiyo.

Bango limeshushwa jana. Mkuu wa wilaya hajaja, na saruji haijaja. Muuza tofu aliniuliza kwa sauti, kila mtu asikie, kama na umri wangu mimi ni wa kweli. Nikanunua tofu yake nikaenda nyumbani. Mama yako amesema "karibu chakula".

Nisamehe.

Baba yako


Beijing, 25 Oktoba 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo wewe, Mama, Nyanya na Bibi Gong.

Mashindano yamekwisha. Nilikaa jukwaani na watazamaji, na sare ya timu ndani ya koti. Lijuan alipanda fito kwa zamu yangu akateleza, akaanguka, akaamka, akamaliza. Timu imekosa medali kwa alama ndogo sana. Baadhi ya wenzangu hawasemi nami. Mama Nie anasema nao kwa ukali na mimi kwa ukali, kwa hiyo yeye hajabadilika.

Nililia, sitakuficha. Ningeshika ile fito, Baba. Tangu masika nimerefuka sentimita tatu, na msichana akirefuka katika kazi hii hajui kama atapata zamu nyingine.

Lakini jana nilipanda boriti na sikutetemeka.

Nimeshasamehe. Ilichukua siku thelathini na tatu, nilizihesabu.

Binti yako,
Suhe


Beijing, 18 Novemba 2001

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tangu mwekewe simu tumeacha barua, lakini haya nataka yakae kwenye karatasi.

Mwaka jana, mwaka wangu halali, niliumaliza na skurubu mbili kifundoni, unajua. Mwaka huu wote waliniita Shangazi, maana wenzangu wana miaka kumi na sita na mimi naelekea kumi na nane. Mama Nie alinipa fito tu, akasema, "Mguu wako haufai, lakini fito haziulizi habari za mguu mpaka unashuka."

Nilishuka. Uliniona. Bingwa wa dunia, Baba, na kifundo kinawaka moto mpaka sasa. Lijuan alikuwa pembeni akishika mkoba wangu, sasa anasomea ukocha. Nyanya angekuwepo angesema popo ameshinda.

Daktari anasema basi. Na mimi nasema basi. Nakuja nyumbani, na safari hii nitakuwepo siku ya uji.

Binti yako,
Suhe


Yanjiawan, 20 Januari 2002

Mwanangu Suhe,

Barua hii haiendi posta. Naiweka chini ya bakuli lako, kwa kuwa basi lako linafika saa sita na najua ana kwa ana maneno yatanikwama.

Siku ya fainali tulijaa nyumba ya chai, mpaka muuza tofu alikuwepo. Ulipopanda, mtangazaji akasoma: "Yan Suhe, aliyezaliwa tarehe kumi Januari, 1984." Watu wakageuka kunitazama. Bwana Luo akasimama juu ya benchi na kitambi chake akapiga kelele, "Hiyo tarehe nimeiandika mimi!" Muuza tofu akamjibu, "Na ile ya kwanza je?" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilitoka nje nikalia kando ya bwawa, kwa hiyo nakwambia ukweli: ulivyoshuka sikukuona. Nilisikia tu kelele. Nimedanganya kwenye simu, na huo uwe wa mwisho.

Barabara bado ni matope, vaa viatu vibaya. Kitabu cha kaya kiko kwenye droo ya kushoto ukitaka kuuona ule mstari mwekundu. Bwana Luo alitaka kunipa kitabu kipya kisafi, nikamkatalia.

Uji umeiva. Nyanya yako hayupo tena wa kulila bakuli lako, basi kaa chini, mwanangu, ulile mwenyewe.

Baba yako