Klachi Ipo Rafuni, Naye Ananiambia Haijafika

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla ya Jumatatu, tafadhali, na ukiweza usinicheke, maana binti yangu ameshanicheka vya kutosha na dada yangu anasema nikapimwe kichwa. Mimi ni mshonaji wa mapazia, nina miaka arobaini na minne, niliachika miaka mitano iliyopita, nina binti mmoja mtu mzima, na nina gari la spoti, ndiyo, umesoma vizuri, lile la milango miwili, la chini kabisa, ukikaa ndani unahisi makalio yanataka kugusa lami. Nililikuta nyuma ya karakana ya seremala halina taa wala kabureta na kuku wawili wanatagia kwenye kiti cha dereva, nikalinunua kwa malipo ya kushona mapazia ya hoteli nzima, vyumba sitini, na watu wakasema talaka imenipanda kichwani. Lakini mshauri, kwa miaka kumi na saba ya ndoa nilikaa kiti cha pembeni nimepakata mikoba, mume wangu hakuniachia usukani hata siku moja, hata siku aliyoteguka mguu alimwita jirani aje atuendeshe na mimi nipo nimesimama pale pale, na tangu siku ile nikatamani kitu kimoja tu, niwe na gari langu, jekundu, nikanyage mafuta kwenye ile barabara ndefu inayotoka mjini, madirisha wazi, na asiwepo mtu wa kuniambia punguza. Leseni nilipata mwezi wa pili baada ya talaka. Gari ndilo limechukua miaka.

Spea za gari kama hili huzipati kila duka. Nilizunguka mpaka visigino vikawaka moto, mwisho nikaelekezwa kwa mwanamume mmoja watu wanamwita Daktari, ana duka jembamba katikati ya kinyozi na muuza rangi, ni mgane, mkewe alifariki miaka saba iliyopita, mtu mpole ila ana ugonjwa wa mpangilio, kila skrubu dukani kwake ina kikopo chake na kila kikopo kina jina. Huyu hakuuzii kifaa kipya mpaka umpelekee kile kibovu. "Niletee marehemu kwanza," ndivyo asemavyo, kisha anatandika kitambaa safi juu ya kaunta, anavilaza vyote viwili ubavu kwa ubavu, kibovu na kizima, anakuonyesha kwa kidole ni nini kilichomuua marehemu, na kila gari lina kadi yake kama ya hospitali. Kadi ya gari langu imeandikwa "Mgonjwa: Nyekundu." Nikiingia ananiuliza, "Haya dada, leo tuna msiba gani?" namwambia, "Pampu ya mafuta," anasema, "Pole sana. Alikuwa mzee?" nami nacheka mpaka kinyozi anachungulia.

Miaka minne sasa naenda kila Jumamosi saa tano asubuhi, ananimiminia chai kwenye kikombe ambacho hampi mteja mwingine, tunaongea habari za gaskiti na plagi, kisha habari za binti yangu, kisha habari za marehemu mkewe, kisha hatuongei kitu, tunakaa tu, na mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya makelele sikujua kukaa kimya na mtu kunaweza kuwa kuzuri hivyo. Nitakiri yote kwa kuwa hunijui sura. Zipo Jumamosi ambazo sikuwa na cha kununua, nikaenda na nati moja mkononi kumwuliza kama bado inafaa, naye akaiangalia nati ile dakika ishirini nzima. Na ninavaa gauni langu la bluu. Sijui kwa nini ninavaa gauni la bluu.

Sasa Nyekundu amepona karibu kila kitu, injini inawaka, inanguruma mpaka vioo vya jirani vinatetemeka, ila klachi imekufa, na bila klachi gari haling'oki hapo lilipo. Kila jioni nikishafunika cherehani nakwenda bandani, nawasha, nakaa ndani nimeshika usukani, nafumba macho naiona ile barabara, kisha nazima narudi jikoni. Ni miezi minane nafanya hivyo. Klachi nilimwagiza Daktari, na kila Jumamosi nikimwuliza, "Imefika?" anaanza kufuta kaunta ambayo ni safi tayari, anasema, "Bado, dada. Vumilia kidogo."

Binti yangu ndiye aliyeleta moto. Amepata kwenye simu muuzaji mwingine wa spea, duka kubwa lenye kuta za vioo, wana klachi kamili kwa nusu ya bei ya Daktari, na si klachi tu, wana breki, shokomzoba, hata mipira ya milango, kila kitu kilichobaki, boksi moja, siku tatu liko mlangoni. "Mama, huyo mzee wako anakutafuna taratibu," akaniambia. "Kifaa kimoja kimoja, miaka minne! Ukinunua boksi hili humhitaji mtu tena." Mshauri, aliposema humhitaji mtu tena nilisikia ubaridi tumboni, nikajiambia ni njaa, nikala, ubaridi ukabaki. Ofa inaisha Jumatatu, na binti ameshajaza kila kitu kwenye simu, anangoja nibonyeze.

Ningekataa, naapa ningekataa, lakini Jumamosi iliyopita Daktari aliniomba nimshonee pazia la mlango wa stoo, akaniambia, "Ingia tu ukapime mwenyewe," akabaki mbele anahudumia mteja. Nikaingia na futi yangu. Nilipoinua macho kupima urefu nikaona boksi kwenye rafu ya juu, limefutwa vumbi, na kwa mwandiko wake ninaoujua kuliko wangu limeandikwa "Klachi, Nyekundu," na tarehe ya miezi saba iliyopita. Miezi saba, mshauri! Nikapima mlango, nikaandika vipimo, nikaaga, nikaondoka bila kunywa chai. Vipimo vyenyewe nimekuja kuviangalia nyumbani, nimeandika upana mara mbili na urefu sikuandika.

Sasa niambie. Nimwache mtu huyu niende kwenye bei nafuu, au nibaki na aliyenitunza miaka minne kumbe ananidanganya machoni? Nimelia kuliko siku ya talaka, na sielewi kwa nini kipande cha chuma kiniumize namna hii.

Mimi,
Mshonaji wa Mapazia

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu wa mapazia, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa kucheka, na uliniomba nisicheke, kwa hiyo nisamehe.

Tuanze na bei tuimalize, kwa sababu bei ndiyo rahisi. Gari lako ni la zamani na la aina yake, usiagize klachi kwa kuangalia picha. Mwambie huyo wa duka la vioo akutumie namba iliyogongwa kwenye kifaa, ilinganishe na namba ya ile yako iliyokufa, na akuandikie wazi kwamba isipoingia atarudisha pesa. Akianza kuzunguka, mwache. Akijibu vizuri na namba zikalingana, kununua kwake si dhambi. Uaminifu kwa mwenye duka haumaanishi ulipe mara mbili huku umefumba macho. Unamaanisha umwambie, "Nimepata kwingine kwa bei hii, wewe unasemaje?" kabla hujamkimbia, naye ajitetee. Hilo hujalifanya. Halafu mwambie binti atoe kidole kwenye simu. Ofa inayoisha Jumatatu hurudi Alhamisi, hizo nazijua.

Ila dada, hukuniandikia kurasa zote hizi kwa ajili ya bei. Hebu fikiri kama mfanyabiashara, maana na wewe ni mmoja wao. Umeshona pazia, mteja analitaka, pesa anayo mkononi, anakuja kuliulizia kila wiki. Utalificha rafuni miezi saba? Ili upate nini? Tapeli angekuuzia klachi ile siku ile ile iliposhuka, na ya pili juu yake. Binti anasema anakutafuna. Mtu wa kukutafuna hakai dakika ishirini anaangalia nati bila kukutoza kitu. Huyu bwana alijua kwamba siku Nyekundu anatoka bandani, Jumamosi zake zinabaki tupu. Na wewe ulijua vilevile, ndiyo maana tumbo lilipoa binti aliposema humhitaji mtu tena. Dada, hakuna mwanamke anayevaa gauni la bluu kwenda kununua gaskiti. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na nyinyi wawili mmekohoa miaka minne mpaka kinyozi wa jirani amejua.

Na jambo lingine. Mtu ambaye kila skrubu yake ina kikopo chenye jina anasahau boksi lako liko wapi? Duka limekaa bila pazia la stoo miaka yote hiyo, leo anakuagiza uingie ukapime mwenyewe, naye akijua kupima mlango ni kuinua macho? Huenda nakosea, simjui. Huenda kifaa kina kasoro akaona haya kukuambia, huenda kuna jambo lingine kabisa. Lakini kama ningewekwa niape, ningeapa kwamba alichoka kukudanganya na hakuwa na ujasiri wa kusema, akaliachia boksi liseme.

Usidhani ninamtetea. Ningempata ningemvuta sikio. Miezi saba unakaa ndani ya gari umefumba macho, unaiwaza barabara, na mwenye dawa amekaa nayo rafuni kwa sababu anaogopa upweke wake. Hiyo si huruma, ni uchoyo, hata kama una machozi ndani yake. Mume wa kwanza alikunyima usukani kwa dharau, na huyu amekunyima kwa kukupenda, lakini gari limebaki limesimama kwa wote wawili. Lazima aambiwe hivyo, na akuombe radhi kwa maneno, si kwa chai. Akianza kukuchekesha habari za marehemu na misiba ili kosa lipite, usicheke. Akikataa kosa lake, chukua bei nafuu na usirudi kwake.

Nawe pia una kosa lako, usinikunjie uso. Uliona boksi, ukapima mlango, ukaaga. Miaka kumi na saba ulikaa pembeni kimya unangoja mtu mwingine aamue mwendo, ukaachika, ukapata leseni, ukanunua gari na kuku ndani, nikasema hongera mwanamke wewe, kisha kwenye jambo hili la moyo umerudi kukaa pembeni na mikoba mapajani. Unataka Daktari aanze. Akikosa Daktari, binti abonyeze. Akikosa binti, mshauri wa gazeti aamue. Mimi sibonyezi.

Jumamosi hii nenda saa ile ile. Usipeleke pazia, pazia litangoja. Peleka klachi iliyokufa, iweke kwenye kaunta, umwambie, "Niliiona ile nyingine," halafu nyamaza, mwache yeye ahangaike na ukimya. Atakachosema utakisikia mwenyewe, wala huhitaji mimi nikutafsirie. Mtajie bei ya yule mwingine bila kuona haya. Mkikubaliana, lipa siku hiyo hiyo, na akitaka kukupa bure kwa majuto, kataa kabisa, gari hili lisiwe na kifaa hata kimoja ambacho mtu anaweza kukusimangia kesho. Tafuta fundi mwingine afunge klachi, asifunge yeye, maana huyo tumeshaujua mwendo wake.

Likishatembea, safari ya kwanza nenda peke yako. Usimchukue binti, usimchukue yeye, hata akisimama mlangoni amevaa shati jipya. Barabara ile uliitamani kabla hujamjua muuza spea yeyote, na ni haki yako kuipata bila kumshukuru mtu. Nenda mpaka utosheke. Kisha geuza, urudi mjini, uegeshe mbele ya duka lake, uingie mikono mitupu, na akikuuliza unahitaji nini, mjibu.