Siku Tisa za Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Wiki saba bila hata mstari mmoja. Udhuru sina. Nilikuwa mzima, kalamu ilikuwa na wino, ila sikuwa na la kusema.

Nimerudi jana jioni kutoka kwa dada, aliyevunjika nyonga. Wiki mbili za kumgeuza kitandani. Yeye hakulalamika, nami sikuchoka. Sikuhisi kitu.

Nilipokuwa huko, Fundi Saa ndiye aliyenisomea vipimo vyangu vya uani, kipimajoto na kipimamvua, kila siku saa moja asubuhi. Nilianza kuvisoma juma lile tulipomzika Marehemu, mume wangu. Miaka minne sasa, hakuna siku iliyorukwa. Nimesoma nikiwa na homa. Nimesoma siku ya harusi ya binti yangu, nikiwa nimeshavaa.

Kabla sijaondoka, Fundi aliniuliza kama ningekubali anioe. Nilimwambia nitajibu nikirudi.

Nimerudi. Daftari la vipimo ameniachia mlangoni, limefunikwa kwa gazeti. Mwandiko safi.

Jumanne, 4 Machi

Niliyoyaona jana uani sikuyaandika. Nilitaka kuyatazama mara ya pili kwanza.

Kipimajoto changu kina vijiti viwili vya chuma. Kimoja hubaki pale baridi ilipofika mwisho, kingine pale joto lilipofika mwisho, mpaka mtu avirudishe kwa sumaku. Kijiti cha baridi kimesimama kwenye nyuzi kumi na tatu. Katika daftari, Fundi hana asubuhi hata moja iliyoshuka chini ya kumi na sita. Na mdomoni mwa kipimamvua kuna utando wa buibui, mzima, mnene. Buibui hafumi namna ile kwa siku moja.

Nikazisoma namba zake upya. Siku tano za kwanza ni za mtu aliyesimama uani: namba moja imejirudia siku mbili, nyingine imekatwa na kusahihishwa. Kuanzia tarehe 22 hadi tarehe 2, siku tisa, hakuna namba inayojirudia. Anayebuni namba huogopa kurudia. Asili haiogopi.

Amezitunga.

Nikangoja hasira. Haikuja. Nikapika, nikala, nikaosha sahani moja.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani wa kushoto amekuja kuazima ngazi. Mimi humwita Mama Redio, kwa kuwa matangazo yake hayahitaji betri.

— Dada, umeshakwenda kumpa pole mgonjwa wako?

— Mgonjwa gani?

— Haya basi, mimi sijasema kitu.

Kisha akasema yote, ngazi ikiwa begani. Fundi alianguka kibandani kwake tarehe 21, mchana, saa ya mteja imefunguka mkononi. Moyo. Majirani wakamkimbiza hospitalini, akalazwa siku tisa; mwanawe akaja kumwangalia. Kila aliyekwenda kumtazama, Fundi alimwonya asiniambie: mwacheni Mwalimu amuuguze dada yake. (Ananiita Mwalimu. Sikuwa mwalimu. Nilitunza maabara ya shule miaka thelathini, lakini nimeacha kumsahihisha.)

Alipoondoka nilipima mapigo ya moyo wangu. Sabini na mawili kwa dakika. Ndivyo yalivyokuwa juzi.

Jumapili, 9 Machi

Fundi amekuja saa kumi alasiri kutazama shindano la wachumba, kama kila Jumapili. Amekonda. Shati limemzidi shingoni. Nikawasha televisheni.

Wasichana kumi walioingia nyumba moja wakishindania mwanamume mmoja wamebaki wanne. Asiyepewa ufunguo anarudi kwao. Mimi huandika jedwali la nani atatoka, na nimepatia mara tano kati ya sita. Siangalii machozi. Nahesabu dakika ambazo mwanamume anamtazama msichana akiwa kimya.

Yule kijana akasema anausikiliza moyo wake. Nikasema moyo ni pampu tu, hauna la kumwambia mtu.

— Hata saa ni mashine tu, Mwalimu, akajibu Fundi. Lakini nimeona watu wazima wakiililia iliposimama.

Hapo nikazima televisheni kabla ufunguo haujatolewa. Nikaleta daftari la vipimo.

— Tarehe 26 umeandika milimita nne za mvua. Ilinyesha?

Hakudanganya mara ya pili. Alisema aliziandika zote jioni moja, siku aliyotoka hospitalini, akiwa kitandani. Alijua miaka minne haina siku iliyorukwa. Hakutaka iharibike mkononi mwake.

— Niliona heri nikuachie namba kuliko pengo.

— Pengo lingekuwa kweli, Fundi. Hizi si kweli.

— Basi nizifute.

— Hazifutwi.

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wanafunzi. Kosa hupigwa mstari mmoja tu, lisomeke chini yake, na aliyekosea hutia sahihi pembeni. Akavaa miwani yake ya kazini. Akapiga mistari tisa, akatia sahihi tisa.

— Ungeweza kunipigia simu, nikasema. Hata kupitia kwa mwanao.

— Ungerudi.

— Ningerudi, ndiyo.

— Na dada yako angegeuzwa na nani?

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akaniambia lililobaki. Mwanawe hataki aishi peke yake tena. Jumamosi atakuja na gari amhamishie kwake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Isipokuwa niwe na neno la kusema.

— Sikuharakishi, Mwalimu. Anayeharakisha ni yeye.

Sijui ni nani aliyekosa ufunguo.

Jumanne, 11 Machi

Binti yangu amepiga simu. Mama Redio ameshamfikia.

— Mama, huyo mzee ni mchumba wako au siyo?

— Ni fundi saa.

— Sijauliza kazi yake!

Nikamweleza habari ya namba. Akacheka mpaka akakohoa. Mwenzako kalala hospitalini anakuwaza wewe, nawe unamkagua! Nikamwambia aliyeweza kutunga mvua ataweza kutunga lolote. Akasema, haya, lakini marehemu baba alikuwa mkweli tupu na hukuwahi kumwona akikuwaza hivyo. Nilikata simu. Baadaye nikampigia tena kumtakia mjukuu usiku mwema. Hatukurudia habari ile.

Nilijaribu kukasirika kwa niaba ya Marehemu. Hapakuwa na kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nyuzi kumi na saba. Mvua hakuna.

Daftari lina safu ya mwisho, ya maelezo. Kwenye zile siku tisa nimeandika: *Msomaji alikuwa hospitalini.* Nikakaa nikiitazama sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Sababu si kipimo. Lakini nimeiandika, na sijaikata.

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi na moja jioni. Mwana wa Fundi amepiga simu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

Ana adabu. Sauti ya baba yake, ila haina subira. Amefika leo badala ya kesho. Vyombo vimeshafungwa. Kimebaki kitanda, nacho kikifunguliwa skrubu, mbao ni kuukuu, hakitafungika tena. Mzee amekaa juu yake hataki kuinuka. Anasema aulizwe Mwalimu.

— Sasa mama, nifungue au nisifungue?

Nimemwambia asubiri. Akauliza asubiri mpaka lini. Nikasema asiweke bisibisi chini, wala asiitumie, na asikate simu.

Simu iko mezani, karibu na mkono wangu. Nawasikia. Kijana anauliza: anafanya nini huyu? Baba yake anamjibu: anaandika, mwache.

Ni kweli naandika. Sijui bado. Nikijua, jibu litaingia hapa kwanza, kwa tarehe na saa, kabla hawajalisikia wao. Kijana anaita tena: mama, upo?

Nipo.