Kikombe cha Meza ya Bwana

Kilimatinde, Jumamosi jioni, Agosti 1974

Jivu halikufaa, nami nakiri kwamba kosa ni langu peke yangu.

Tangu Raheli, mke wangu, alipofariki, kanisa limeniachia kazi yake ya kusafisha kikombe cha ushirika. Kesho ni ibada ya kwanza katika kijiji kipya cha ujamaa, na kikombe kilikuwa kimeingia weusi. Nikakisugua kwa jivu na ndimu, kwa nguvu zangu zote, hata fedha ikabanduka na shaba ikatokeza ukingoni. Sikujua kwamba kilipakwa fedha kwa juu tu.

Nikampelekea Mama Yona, kiongozi wa akina mama. Aliniamkia, akakipokea, akashika kiuno.

“Jamani, Mwalimu! Umekikwangua kama sufuria ya ugali!”

Nikamwomba radhi.

“Mwenzako alikuwa anakitia kwenye sufuria ya alumini, maji ya moto na magadi, kisha anakifuta kwa kanga kuukuu. Mimi mwenyewe alinifundisha. Kwani wewe hukumwona?”

Kwa miaka thelathini aliifanya kazi hiyo kila Jumamosi, mezani petu, mbele yangu, nami nikisoma gazeti. Sikuwahi hata kumuuliza.

Mama Yona amebaki nacho. Alisema kwa upole kwamba sasa nipumzike. Ndiyo kazi pekee ya Raheli niliyokuwa nayo, na sasa…

Kesho nitakinywea pamoja na wengine, na shaba ile itanigusa mdomo. Uniwie radhi, mke wangu.