Miche 1,009 ya Kanisa

Fanueli, ndugu yangu, nimetoka Ihanda kwa shangazi Ketrina sasa hivi. Mwaka 1951 marehemu baba yako, Mzee Abrahamu, nusura amvunjie ndoa!

Alikuwa mzee wa kanisa. Aliagiza kahawa ya misheni ipandwe kwa mistari iliyolingana, bila mche kubaki. Kitalu cha Ketrina kilitoa miche 1,009. Kila walivyoipanga, mingine ilibaki. Kwa baba yako, maana yake ni kwamba mkono wa mtu umepita.

Mbele ya ushirika wote akatamka: "Binti, umeiba. Hesabu ya Mungu haina kiporo. Jumamosi hufungi ndoa." Umeiba! Mbele ya wakwe!

Mwalimu Raphaeli akasimama. "Mzee, hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Nitazijaribu zote!"

Akagawa kwa saba, ukabaki mmoja. Kwa kumi na moja, ikabaki minane. Walipomaliza thelathini na moja, Raphaeli akamzuia. "Inatosha, Mzee. Thelathini na mbili mara thelathini na mbili imekwisha kuipita. Ingekuwa na vigawanyo, kimojawapo tungekwisha kukiona."

"Basi toeni mmoja," akasema baba yako, "mistari ilingane."

"Nani auchukue?" Ketrina akauliza. "Kesho nitaitwa mwizi tena."

Fanueli, baba yako aliuchukua mwenyewe, akaubeba hadi mbele ya wakwe, akapiga magoti. "Mwizi hakuwapo. Nisameheni."