Picha Hamsini na Mbili, na Hakuna Hata Moja

Voi, Alhamisi, Agosti 1997

Picha hazipo. Si kwamba zimetoka giza, si kwamba zimeharibika njiani. Hazipo kabisa, hata moja, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Nimelitoa hilo kabla sijakusalimu, daftari langu, maana nikianza na habari za hewa nitazunguka mpaka wino uniishie. Haya, hewa: upepo na vumbi jekundu tangu asubuhi. Nguo nilizoanika nimezianua chafu kuliko nilivyozifua. Na moyo wangu ni vivyo hivyo.

Mwanangu Mwakio, kifungua mimba wangu, yuko mapokezi katika loji moja huko mbugani. Anaongea na Wazungu mpaka wanashika mbavu. Mwezi uliopita aliniletea kamera aliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Si hizi za kubonyeza tu. Hii ina gurudumu la kasi juu, ina sindano ndani inayopanda na kushuka kukuambia kama mwanga unatosha, na ukichungulia unaona uso wa mtu umekatika katikati, unazungusha lenzi mpaka uungane. Alinifundisha mchana mmoja pale mezani. Jua kali, kasi mia mbili hamsini na tundu la mwanga la kumi na moja. Kivulini, fungua tundu. Mimi niliyeishia darasa la saba nilishika yote.

Kasoro filimu. Ile ya kwanza aliitia yeye. Ya pili nikaitia mwenyewe.

Jumapili iliyopita tulimwingiza mama mkwe wangu nyumba mpya, kule milimani juu ya Mwatate. Mabati, sakafu ya simiti, madirisha ya vioo. Watoto wake wote wanne walikuja, hata yule wa Kishushe, ambako gari ni la kungojea. Mwakio pekee ndiye aliyekosa ruhusa kazini. Mama mkwe hajawahi kupigwa picha maishani isipokuwa ile ya kipande, ya kitambulisho. Alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, mahali pa kutundika picha yake na wanawe.

Wifi yangu Mama Mghoi, dada ya mume wangu, alikuwa amesema tumwite Bwana Saidi, fundi wa picha hapa Voi. Nikamwambia, "Saidi wa nini? Mwanangu amenipa kamera ya watu waliosoma." Nilisema mbele ya watu, na kwa sauti.

Siku yenyewe nilijisikia kama mkuu wa wilaya. Songa hapa, inua kidevu, toa mkono mfukoni. Mama mkwe nilimvua leso yake nikamvika gauni langu la kanisani, lenye kola. Lilimbana makwapani, nikamwambia avumilie. Kile kidirisha cha namba kilifika thelathini na sita kikakwama, lakini mkono wa kuvuta filimu uliendelea kuvutika, kwa hiyo nikahesabu kichwani. Arobaini. Arobaini na tano. Nikawatangazia: filimu za watu zinaishia thelathini na sita, lakini hii ya Mwakio inazidi tu, kama unga wa yule mjane wa Biblia. Mwinjilisti aliyekuja kubariki nyumba mwenyewe alisema haleluya.

Picha ya mwisho nilitaka niwemo. Niliweka kamera juu ya kinu, nikashusha kile kijiti cha mbele cha kujipiga, kinacholia kama saa, nikakimbia. Kando ya mama mkwe alikuwepo Mama Mghoi, na sweta lake lililotoboka kiwiko. Nilimsukuma kwa nyonga akaenda mwisho wa mstari. Ilikuwa ya hamsini na mbili.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Saidi kamera anitolee filimu aipeleke kuoshwa. Alizungusha kishikio cha kurudishia filimu, cha upande wa kushoto, kikaenda chepesi mno, akasimama, akanitazama. Akaingia chumba cha giza. Alipotoka alikuwa ameishika kamera kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji.

"Mama Mwakio, filimu yako ni mwari. Haijatoka nje hata siku moja."

Ulimi wa filimu, ile ncha yake ya mwanzo, haukushika meno ya mrija wa kulia unaoivuta. Nilikuwa nikivuta hewa, nikipiga hewa. Alinionyesha taratibu, bila haraka: ingiza ulimi, vuta, hakikisha matundu ya pande zote mbili yamekaa kwenye meno, ndipo ufunge. Kisha ukivuta, angalia kishikio cha kushoto. Kisipozunguka, usimpige mtu.

"Kamera ni nzima?" nikamuuliza.

"Nzima sana. Mwanao alichagua vizuri. Ulipiga ngapi?"

Nikamwambia. Aliuma mdomo akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi.

Laiti angecheka.

Sasa nifike pale ambapo kalamu haitaki. Jumanne Mama Mghoi alikuja sokoni, akanikuta kwenye nyanya. "Wifi, picha zi wapi? Mama anautazama ule msumari kama saa." Nikafungua mdomo niseme kweli. Kilichotoka ni hiki: "Ile kamera ilikuwa mbovu ndani. Nadhani Mwakio alidanganywa na yule mgeni."

Nilimuuza mwanangu pale pale, kwenye fungu la nyanya.

Neno likasafiri upesi kuliko mimi. Jana dereva wa loji alinishushia barua. Mwandiko wake mzuri, ule niliokuwa nikiwaonyesha majirani tangu akiwa darasa la tatu. "Mama, nimesikia. Nisamehe kwa kukuaibisha mbele ya watu. Sikujua ni mbovu. Nitakutafutia nyingine."

Mtoto ameniomba mimi msamaha.

Nimejisifu miaka yote kuwa hakuna anayempenda mwanawe kunishinda. Kumbe nilichokuwa nakipenda zaidi ni watu waniangalie nikimpenda? Sijui. Naandika tu.

Leo nimepanda milimani. Kule juu ukungu ulikuwa bado haujainuka, na mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, Mama Mghoi kando yake. Nilitamani nimkute peke yake. Nikaona, la, ndiyo afadhali wawe wawili. Nilikaa chini nikawaambia yote: filimu, hewa, sokoni, barua. Mama Mghoi aliangalia ungo.

Mama mkwe aliendelea kuchambua mpaka maharagwe mabaya yakafika manane. Niliyahesabu.

"Kwa hiyo lile gauni la kunikaba nilivaa bure?"

"Bure, mama."

"Na mbio zile zote ulizokimbia?"

Hapo Mama Mghoi alishindwa. Alicheka mpaka ungo ukamwagika, nami nikacheka na machozi yananitoka, na tulipomaliza kuokota, mama mkwe hakuwa amecheka bado.

"Watarudi wote," akasema. "Mimi nitavaa leso yangu. Huyu atakaa kando yangu, na sweta lake. Wewe mwisho wa mstari. Kamera ni ile ile ya mjukuu wangu, sitaki nyingine. Na Mwakio aje. Hayo uliyonieleza hapa chini, utamweleza umesimama, mbele ya hao hao uliowatangazia."

Nikasema ndiyo, mama. Wifi yangu nikamwomba radhi kwa ile nyonga. Akasema mfupa haukuvunjika.

Nikirudi nimepita kwa Bwana Saidi, nikamwomba aje atupige, maana mimi sasa ni wa kusimama tu. Amekubali, ila filimu anataka niitie mwenyewe, yeye akiangalia. Nimekuwa nikijaribu jioni nzima na ile ile ya Jumapili, hata ikiharibika kwa mwanga. Ulimi, meno, matundu, funga, vuta. Kishikio cha kushoto kimezunguka. Mara sita nimeitia, mara sita kimezunguka.

Mwakio nimemwandikia kwa mkono wangu huu mbaya: kamera yako ni nzima, mwanangu, mbovu alikuwa mamako, omba ruhusa, nikikosa kukuambia uso kwa uso hii barua haina kazi. Dereva wa loji anapita kesho asubuhi. Wa Kishushe ametumiwa salamu kupitia kwa wenye ng'ombe. Nitasimama mwisho wa mstari, na sitamwambia mtu yeyote ainue kidevu.

Wote, baada ya ibada, chini ya ule msumari. Jumapili hii.