Joto la Kukaushia Nepi

Tarehe 12 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Laptopu uliyonitumia ilifika salama, na asante nilipaswa kuiandika siku ileile. Ila kila nikishika kalamu, nakuta hicho kidude kimeharibika tena, nikawa najiambia ngoja kipone kwanza ndipo nimshukuru mtu vizuri. Hakijapona. Nakushukuru hivyohivyo.

Hamjambo huko? Wifi mgongo bado unamsumbua? Mimi na mwanangu Bosi hatujambo. Ameota meno mawili ya chini, anang'ata huku ananitazama usoni, kama anayepima nitafanya nini.

Kazi niliipata. Ofisi moja ya utafiti inanipa mahojiano waliyorekodi, mimi nasikiliza na kuyapiga chapa neno kwa neno, hapahapa chumbani na mtoto. Ndiyo kazi pekee niliyoiona isiyoniuliza mtoto nitamwacha wapi. Msimamizi ni mama mmoja mpole, ila hacheki ovyo. Ameniambia nikimaliza fungu hili bila kuchelewa atanichukua moja kwa moja.

Shida ni mashine. Inapata moto hadi haipakatiki. Feni inanguruma, kisha kioo kinazimika katikati ya sentensi. Chaja ilishaungua. Fundi wa hapa chini aliipuliza vumbi kwa nje, ikatulia siku chache, ikarudia yaleyale. Najaribu kucheka tu: mvua haikatiki, na baba mwenye nyumba hataki kuona kamba ya nguo koridoni, basi nepi za Bosi nazitandaza ubavuni mwa laptopu, pale inapotokea hewa ya moto, na moja naikunja chini yake isiniunguze mapaja. Zinakauka kabla sijamaliza ukurasa. Faida yake kwa sasa ni hiyo.

Naona haya kukuomba tena. Ukipata feni na chaja, nitumie.

Mdogo wako


Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mgongo wa wifi yako unapona siku za sokoni na kuuma siku za kufua. Mwambie Bosi mjomba wake anasema meno ni ya chakula, mama si chakula.

Haya za nini? Wa kuona haya ni Miwani, mwenzangu wa pale ghalani. Ndiye aliyeniuzia hiyo laptopu, akaniapia kuwa haina tatizo, na mimi mtu huyu nimekula naye sahani moja tangu nije huku. Juzi wakati wa chakula nilisimama nikamwambia mbele ya wote kwamba ameniuzia jiko. Watu wakacheka hadi wakapaliwa. Sasa hawamwiti Miwani tena, wanamwita Jiko. Yeye alisema tu, "Ilipotoka kwangu ilikuwa nzima." Angesema nini kingine?

Feni na chaja nimempa dereva wa lori letu akuletee. Piga kazi, mdogo wangu.

Kaka yako


Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Natumai mu wazima. Bosi ana mafua, amelala begani, naandika kwa mkono mmoja. Usishangae mwandiko.

Feni ilifika, fundi akaifunga, nikafanya kazi kama mtu aliyepewa mikono mipya. Haikuchukua muda ikaanza kunguruma. Betri nayo ikavimba hadi kibodi ikanyanyuka. Sasa diski imekufa, na mahojiano yote niliyokuwa sijayapeleka yamekwenda nayo. Msimamizi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama Bosi, hivi kazi hii unaiweza?" Bora angenigombeza. Amenipa hadi mwisho wa Juni.

Huyo Miwani mwambie amemnyang'anya mtoto mdogo riziki yake. Mwambie hivyohivyo.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo na mwanangu? Mafua yameisha?

Maneno yako nimeyafikisha kama yalivyo, na wengine wakisikia. Aliacha sahani yake mezani akatoka, na siku hizi ameomba zamu nyingine ili tusikutane. Akipita, watu wanauliza nani anaunguza.

Sasa nisikilize. Nimekaa na wifi yako tumeona hivi: Bosi aje akae kwetu, wewe utafute kazi ya dukani au popote, bila mtoto mgongoni. Mwanzoni mwa Julai nitakuja kumchukua. Ni kwa muda tu, usilie.

Kaka yako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Kitanda cha Bosi nimeshakigonga, wifi yako amekishonea na foronya. Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako


Tarehe 14 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Naanza tena kwa kuomba radhi, na safari hii si kwa sababu ya ugonjwa wala kazi. Barua zako zote mbili nilizipata. Nilikuwa sina uso wa kukujibu.

Baada ya diski kufa, fundi alikataa kufunga kifaa kingine kabla hajaifungua mashine yote. Nilikaa mbele yake, Bosi mapajani. Akaitoa ile feni mpya. Ilikuwa imevishwa nyuzi za manjano, zimeshikana kama kiota. Chini yake bodi ilikuwa na ukungu wa kijani, mahali palipoingia unyevu. Fundi akaniuliza kwa utani, "Mama, hii ulikuwa unaifulia?" Kisha akaona nepi iliyokuwa begani kwangu. Ya manjano, kaka. Akaacha kucheka, akainama akajifanya anatafuta bisibisi. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Nilikuwa naiziba pumzi kwa mikono yangu mwenyewe. Ubavuni nepi mbichi, chini nepi iliyokunjwa, halafu naandika barua kulalamika kwamba ina joto. Niliporudi nyumbani nilipanga kukwambia ni vumbi. Nikaandika hivyo, nikachana. Nikaona ninyamaze, na kumbe kila siku niliyonyamaza, mtu wa watu anaitwa Jiko.

Laptopu ilitoka kwa Miwani ikiwa nzima. Nakuomba usimvute pembeni ukamnong'oneza. Mwombe arudi siku moja kwenye zamu yenu, usimame palepale uliposimama, wakati wa chakula, uwasomee barua hii, pamoja na hapo pa nepi. Wakitaka kucheka wanicheke mimi. Na lile neno la riziki ya mtoto, mwambie aliyelisema amelirudisha, na anamwomba msamaha. Kaka, usipofanya hivyo, nitapanda gari nije niisome mwenyewe getini kwenu.

Kuhusu Bosi: mshukuru wifi kwa foronya, kitandani walaze wageni. Mtoto haji. Najua umesema kwa upendo, lakini kosa ni la nepi, si la mtoto. Msimamizi nimemweleza kila kitu. Alikohoa muda mrefu, kama anayeficha kicheko, kisha akanipa meza ya pembeni na mashine ya ofisi. Naenda kila asubuhi, Bosi mgongoni, na mahojiano yaliyopotea nakaribia kuyamaliza upya. Ila mwisho wa mwezi mwenye meza anarudi kutoka likizo, na mimi lazima niwe na mashine yangu.

Fundi ameisafisha na anasema itapona. Yamebaki haya, na usiongeze kitu:

Feni moja, kama ile uliyotuma.

Betri. Namba yake nimeinakili nyuma ya bahasha.

Diski, hata iliyotumika. Kama Miwani anayo, na akikubali kutuuzia baada ya yote haya, chukua kwake.

Kibodi usinunue, hii itavumilia.

Na kamba ya kuanikia nguo, ya kutosha kutoka dirishani hadi mlangoni, pamoja na misumari miwili. Baba mwenye nyumba nimeshamwambia naigonga humu ndani chumbani.

Mdogo wako,
mama yake Bosi