Mtu wa Kumi wa Bwana Wurmser

Glasgow, 11 Novemba 2012

Kwako Kaka Mervyn,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Rhona, zikufikie wewe, shemeji Thelma na wote hapo Manchester. Goti lako vipi? Rhona anasema kama bado unapanda ngazi kufuta madirisha mwenyewe kwa umri huo, basi usitake pole ya mtu. Sisi huku hatujambo, ila mvua ya Glasgow unaijua, imetuganda wiki ya tatu sasa.

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia mjukuu wako Asher anakwenda Praha na kundi la vijana wa Kiyahudi. Umeniomba nimwandikie kumbukumbu za safari yangu ya Ufaransa ya mwaka 1963, ile iliyokuwa yako. Nitamwandikia za kuchekesha. Hii lakini ni yako peke yako, na nimeichelewesha miaka arobaini na tisa.

Unakumbuka ulivyolazwa kwa kidole tumbo siku tano kabla ya kuondoka. Mama akaapa nafasi yako haiendi bure. Akanivalisha koti lako, mikono ikanimeza hadi vidole, akanikokota mpaka stesheni. Nawe ulikuwa umeshaniambia kitandani kwamba nikivunja kamera yako utaninyonga kwa kamba yake.

Sharti la safari lilikuwa miaka kumi na mitatu, na mimi nilibakiza wiki tano. Kwenye treni kiongozi wetu, Cyril Lipman, kijana wa Leeds mwenye miwani mizito, akaniuliza umri. Nikamjibu bila kupepesa kwamba nilitimiza tangu Pasaka, na kwamba kwenye bar mitzva yangu, sherehe ya kutimiza umri huo, watu walimaliza samaki wa kukaanga mia mbili. Akacheka, akapita kwa mwingine.

Ee Kaka, raha tuliyoila! Wavulana tulikuwa wanane na wasichana kumi na mmoja, na basi bovu lililokohoa kila mlima. Kwa kuwa Cyril hakuamini jiko la mtu yeyote, tulikula sadini za kopo asubuhi, mchana na jioni. Beryl Shenkin, msichana wa miaka kumi na sita asiyejua kunyamaza, alimwambia usoni kwamba tukifika nyumbani mama zetu watatukimbia kwa harufu. Tuliimba mpaka dereva akaziba masikio kwa pamba. Mpaka leo nikifungua kopo la sadini nasikia zile nyimbo, na roho inaniuma kwa hamu ya siku zile.

Mchana mmoja injini ilichemka katika kijiji kimoja cha Alsace. Tulikuwa tunafua soksi kwenye bomba la uwanjani alipotokea mzee mmoja na kapu la matango; alipoona zile kofia zetu ndogo kichwani, kapu likamponyoka. Jina lake Léopold Wurmser, zamani mchuuzi wa ng'ombe. Alimwambia Cyril kwamba vita viliondoka na Wayahudi wote wa pale, wakabaki yeye na mkewe Clémence. Siku hiyo Clémence alikuwa anatimiza mwaka tangu afe, na hajasomewa kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu, hata mara moja. Unajua mwenyewe, sala hiyo haisomwi mpaka wapatikane wanaume kumi, kila mmoja ametimiza miaka kumi na mitatu. Yeye alikuwa na ufunguo wa sinagogi, watu hana.

Cyril akatupanga, akatugusa vichwani akihesabu kama alivyohesabu Baba, kwa kuwa kwa mila yetu watu hawahesabiwi moja kwa moja: sio mmoja, sio wawili. Mzee, Cyril, wale saba. Mimi ndiye niliyetimiza kumi. Beryl akafoka kwamba yeye anasoma Kiebrania kutushinda sote, na bado wanamruka wanamhesabu huyu mtoto aliyemezwa na koti. Watu wakacheka. Mimi nikakunja mikono ya koti. Nilipaswa kusema hapohapo, Kaka. Neno moja tu. Lakini nikisema, Cyril ananirudisha nyumbani, na mzee anabaki na ufunguo wake. Nikaingia na wenzangu.

Ndani kulikuwa na vumbi na viota vya ndege. Mzee alinitazama kwa muda, kidevu, mikono ya koti, akauliza naitwa nani. Kisha akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha Torati, akanipa mimi peke yangu, akanifungia vidole juu yake. Cyril akanitafsiria kwamba nisikiweke chini mpaka sala iishe. Wenzangu wakaanza kuninong'onezea, haya rabi, tuombee. Nikadhani ni heshima, aibu ikazidi. Mzee akasoma kadishi kwa sauti iliyokatika katikati, tukaitikia amina, naye akalia kama mtoto. Baadaye alitulisha keki ya matunda mpaka Cyril mwenyewe akasahau masharti yake. Wakati wa kuagana alinifinya shavu, akacheka.

Basi ndiyo hiyo siri. Nilimdhulumu mgane kadishi ya mkewe, nami nikarudi nyumbani na picha za milima. Tangu nilipooa, kila mwaka tarehe ishirini na mbili ya mwezi wetu wa Av, siku aliyokufa, nawasha mshumaa wa Clémence, na nikiwa sinagogi penye watu kumi wa haki namsomea kadishi mwenyewe. Rhona ameshachoka kuuliza. Huniambia, haya, mwashie huyo hawara wako wa Kifaransa. Nami nacheka tu.

Sasa sikia. Alhamisi iliyopita, kwa mvua ile, tulijikuta sinagogi watu tisa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Mzee Hershel, mtunza sinagogi, akachukua Torati, akamshikisha yule mtoto, akasema haya, tuanze. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kwamba si wote wanaokubali, lakini tangu zamani wapo wazee walioruhusu, shida ikibana, mtoto aliyeshika Torati atimize kumi.

Kaka! Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele za watu, Hershel akidhani ni moyo, akitaka kuita gari la wagonjwa. Alijua! Bwana Wurmser alijua tangu aliponitazama. Alinisetiri mbele ya wenzangu, na Clémence wake akapata kadishi yake. Nami miaka yote hii najiita mwizi.

Mwambie Asher asidanganye umri wake. Ila na wewe mtilie Torati ndogo kwenye begi, asiiache chini ya nguo.

Msalimie sana shemeji Thelma, na goti lile lipumzike. Rhona nimemweleza yote, naye ameshanunua mishumaa miwili ya mwaka ujao, wa Clémence na wa mumewe. Kamera yako ninayo bado, haijavunjika.

Ni mimi mdogo wako,
Ivor